Siku 4,112 Bila Tatizo

Bweni la wasichana, chumba namba 14
9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkazamjomba na goti lake. Huku sisi hatujambo. Mama anakusalimu mara tatu, na ya tatu alinirudishia mlangoni nilipokuwa nimeshavaa viatu. Ameanza kushona gauni langu la mahafali. Nikamwambia, "Mama, subiri kwanza nifaulu." Akasema mpwa wa fundi mkuu hafeli. Picha yako ya kofia ngumu bado iko ukutani juu ya cherehani, na anayekuja kupunguza suruali haondoki mpaka asikie jinsi kaka yake alivyofunga mtambo mkubwa. Mtambo gani, hajawahi kusema, na wewe hujawahi kusema, kwa hiyo mimi tangu utotoni nawaza meli.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu masikio yako uliyaacha kwenye mitambo. Mara ya mwisho nilikupigia kukwambia nimefaulu hesabu, ukanipa pole na kuuliza mazishi ni lini.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Zamani hapa chuoni wanafunzi wa uhandisi walikwenda viwandani miezi mitatu kujifunza kazi, wakarudi, halafu mwaka wa mwisho kila mtu akabuni mradi wa kitu alichoota. Mwaka juzi watu kumi na tisa walibuni mashine ya kumenya viazi. Mratibu wetu wa miradi, mtu wa suruali zilizopigwa pasi mpaka zinakata, amesema basi. Kuanzia mwaka huu mradi lazima utokane na tatizo ulilolikuta kwenye kiwanda ulichopangiwa, na kiwanda chenyewe kijaze Fomu ya Tatizo na kutia sahihi kwamba tatizo lipo. Bila fomu hakuna mradi, na bila mradi unarudia mwaka. Mwisho wa kupeleka fomu ni tarehe 31 Mei.

Sisi tulichota karatasi kwenye kofia. Mimi nimeangukia kiwanda cha sabuni.

Mjomba, hiki kiwanda hakina tatizo. Sisemi mimi, wanasema wao. Langoni kuna ubao mkubwa mweupe: SIKU 4,112 BILA TATIZO. Meneja huubadilisha namba kwa mkono wake kila asubuhi, wafanyakazi wakiwa wamesimama. Alianza kuhesabu siku aliyoshika cheo na anataka afike elfu tano. Nilipompa fomu aliishika kwa ncha za vidole na kuniuliza, "Binti, unataka niurudishe ubao kwenye sifuri?"

Na wakati huohuo, Mjomba, mtambo wenyewe unaelekea ukutani! Sabuni inachanganywa, inakandamizwa, inakatwa vipande, inapanda mkanda, halafu mkanda unakwenda moja kwa moja kwenye ukuta. Ukutani kuna tundu. Sabuni inatokea nje, uani. Huko watu wanaipokea kwenye masinia, wanazunguka nayo jengo zima, wanaingia kwa mlango wa mbele, wanapita mbele ya Meneja, na kuifikisha chumba cha kufungia. Chumba hicho kiko nyuma ya mahali sabuni ilipoanzia, hatua sita tu. Nimezipima.

Nikauliza, "Hili si tatizo?" Wakaniambia ni tabia ya mtambo.

Wewe ni fundi, umeona mengi. Nishauri.

Mpwa wako.


Karakana
21 Februari

Mpwa wangu, Injinia wa Kesho,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Goti la mkazamjomba linapanda na kushuka, linategemea kama kuna kazi ya kuinama. Kuku wetu mmoja ameamua kutaga kwenye sanduku langu la spana, na kila nikitaka namba kumi na saba inabidi tuelewane kwanza. Mwambie mama yako nimepokea salamu zote tatu.

Nimefurahi sana kusikia chuo kinaunganisha darasa na kiwanda. Huo ndio uhandisi. Kuhusu kiwanda chako, ushauri wangu ni huu: usikimbilie mtambo. Mwanafunzi akifika mahali hukimbilia kitu kikubwa. Tazama paa. Paa la kiwanda cha sabuni huliwa na mvuke. Tazama mifereji. Tazama lango, malango mengi yanafungwa vibaya. Unaweza kubuni lango zuri ukapata alama za juu. Nakutumia mchoro wa lango niliouchora leo asubuhi.

Huo mkanda uache kama ulivyo. Huenda aliyeufunga alikuwa na sababu zake.

Kazi njema.

Mjomba.


Chumba namba 14
5 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya kuku. Mama amefika kwenye mikono ya gauni na amewaalika wateja wawili kwenye mahafali. Anauliza kama na wewe utakuja. Mimi nilisema utakuja, usiniangushe.

Asante kwa mchoro wa lango. Nilikwenda kulitazama lango la kiwanda. Linafunguka na kufungwa vizuri kuliko mlango wowote niliowahi kuona. Paa walibadilisha mabati mwaka jana. Kwa hiyo nimerudi kwenye mkanda, utanisamehe.

Wenzangu nao hali zao ni za kuchekesha. Mmoja kapangiwa idara ya maji. Alikwenda na fomu moja wakamjazia arobaini na moja, kila tatizo na muhuri wake. Sasa tunamwita Arobaini na Moja, na hawezi kuchagua. Anakaa nazo kitandani kama mtu anayecheza karata. Mwingine alipata tatizo zuri sana kwenye kiwanda cha maziwa, pampu inayotetemeka, fomu ikatiwa sahihi, mradi ukakubaliwa. Wiki iliyofuata fundi wa kiwanda akaitengeneza bila hata kumwambia. Kijana amekwenda kuwabembeleza waiharibu tena, angalau mpaka mwezi wa sita.

Kule kwangu leo mvua ilinyesha, ndipo nikaona ukamilifu wa mambo. Mvua ikianza, kengele inalia, na anatoka mwanamke mmoja mrefu mwenye mwavuli mkubwa mweusi. Ni mwajiriwa wa kudumu. Kazi yake ni kusindikiza masinia ya sabuni kuzunguka jengo. Sasa mwavuli ni mmoja na masinia ni manane, kwa hiyo saba yananyeshewa, na ua mzima unajaa povu mpaka magotini. Watu wanapita taratibu, wamepandisha suruali, hakuna anayesema kitu. Mama Mwavuli, ndivyo wanavyomwita, aliniambia ana miaka kumi na minane kwenye kazi hiyo. Nikamweleza mradi wangu. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, ukilitatua hilo, mimi nitashika nini?"

Nikauliza tena kwa nini sabuni itolewe nje. Wote, kuanzia mlinzi mpaka mpishi wa chai, wana jibu moja: sabuni inahitaji upepo. Wanasema fundi mkuu aliyefunga mtambo miaka ishirini na miwili iliyopita alikuwa mtu wa ajabu, aliona mbali. Jina lake hawalikumbuka, walimwita Pima Tena, kwa sababu kila kitu alikipima mara mbili. Wanamsimulia kama mtume.

Mjomba, nimesoma kemia ya sabuni vitabu vitatu. Upepo haumo.

Wazo langu: mkanda wa kupinda. Kabla haujafika ukutani ugeuke, uirudishe sabuni ndani kwa ndani mpaka chumba cha kufungia. Au nitanue lile tundu niweke mota. Wewe unaonaje?

Mpwa wako.


Karakana
24 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kalamu ilinipotea, na ilipopatikana wino ulikuwa umekauka. Kuku ameatamia. Spana sasa naazima kwa jirani.

Nimecheka sana habari ya Arobaini na Moja. Mwombe akupe moja. Kwa matatizo yote hayo, moja hatalikosa. Mifumo ya maji ni kitu kizuri, ina heshima, wala haichafui jina la mtu.

Kama umeshikilia hilohilo la sabuni, basi chonde, tundu usilitanue. Juu ya tundu matofali yamebebwa na kipande cha reli, na upande wa kushoto kimeingia kidogo tu, kama upana wa kiganja. Ukigusa hapo ukuta wote unashuka.

Na hao watu wa kiwandani wasikutie maneno mengi. Huyo fundi wao alikuwa mtu wa kawaida. Nadhani.

Mkazamjomba anakusalimu.

Mjomba.


Chumba namba 14
2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima. Gauni limefika kwenye pindo.

Asante kwa tahadhari ya reli. Ilinishangaza kidogo, kwa sababu ukuta ule umepigwa plasta pande zote mbili na reli haionekani. Nilikwenda na sumaku kutoka maabara. Juu ya tundu ikanasa. Nikaisogeza kushoto, ikaendelea kunasa, halafu ikaachia. Nilipima: upana wa kiganja.

Ungeniambia ulivyojua ningeshukuru. Labda mafundi mna hisia.

Meneja nimembana tena. Safari hii amelegea, kasema yuko tayari kutia sahihi iwapo neno "Tatizo" juu ya fomu litafutwa na kuandikwa "Sifa". Nilimpelekea Mratibu pendekezo hilo. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Binti, huwezi kutatua sifa." Basi nimesimama katikati ya wazee wawili, mmoja hataki kuona tatizo, mwingine hataki kuona kitu kingine chochote. Maji yamenifika shingoni. Zimebaki wiki nane.

Nijibu upesi, tafadhali.

Mpwa wako.


Chumba namba 14
29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Nilikwenda posta mara tano, mpaka karani wa kule ananiita mchumba wa mtu.

Mama anashona vifungo sasa. Jana kanivalisha gauni, kanizungusha mbele ya kioo, akaanza kulia kwa furaha. Mimi nikalia pia, kwa sababu nyingine. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba huenda nikarudia mwaka.

Wiki hii nilikuwa napima kitako cha zege chini ya mtambo ili nijue uzito wa mkanda wangu mpya utakaa wapi. Kimejaa mabaki ya sabuni ya miaka yote hiyo, ngumu. Nilikwangua kwa msumeno wa chuma. Kwenye kona ya nyuma, mahali pasipofikiwa na fagio, nikakuta alama ya mkono. Mtu aliubandika mkono wake wa kushoto kwenye zege likiwa bichi, kama mafundi mnavyofanya mkimaliza kazi mnayoipenda.

Sikuhesabu vidole, Mjomba. Niliweka ndoo juu yake nikaondoka.

Fomu nimeisoma upya mpaka maandishi madogo ya chini kabisa. Inasema sahihi ni ya Meneja, "au ya mtaalamu yeyote anayelijua tatizo hilo kwa kulishuhudia yeye mwenyewe". Nakutumia nakala moja. Sikuombi kitu. Nimeitia tu kwenye bahasha ili isikunjike hapa chumbani.

Mpwa wako akupendaye.


Karakana
18 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba tena ya ile barua niliyoiacha bila kuijibu. Mkazamjomba mzima. Vifaranga sita vimetoka kwenye sanduku la spana. Nimeandika barua hii mara nne na kila mara nimeishia kwenye vifaranga, kwa hiyo leo nimevitaja mapema viishe.

Ulihesabu vidole. Nakujua. Ni vinne, kama vilivyo mkononi mwangu mpaka leo.

Nisikilize. Mchoro wa mtambo ule ulikuja kutoka kwa waliouunda, umechorwa kwenye karatasi ile nyembamba inayopitisha mwanga. Upepo ulikuwa mkali, ukawa unaipeperusha, tukaibandika kwenye kioo cha dirisha la ofisi. Kwa ndani. Mimi kazi zangu zote zilikuwa nje, kwenye mwanga, kwa hiyo nikawa naisoma kupitia kioo nikiwa nje. Unaelewa sasa? Nilikuwa naiona kwa mgongo. Kulia ilikuwa kushoto. Ungesema mtu angegundua kwenye maandishi. Maandishi yalikuwa ya lugha yao wenyewe, herufi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona. Tulidhani ndivyo zilivyo.

Nilipima mara mbili, kweli. Nilipima mara mbili mchoro uliogeuka. Vipimo vyote vilikuwa sawasawa kabisa. Zege likamwagwa, bolti zikasimikwa, mtambo ukakaa kama umezaliwa hapo. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Ndiyo maana nikabandika mkono.

Siku ya kuwasha, wakubwa wote walikuwepo. Mpiga picha alikuwepo, ile picha ya mama yako ndiyo ya asubuhi ile, dakika kumi kabla. Nikabonyeza kitufe. Sabuni ya kwanza ikatoka, ikapanda mkanda, ikaenda taratibu, ikagonga ukuta. Ya pili ikaigonga ya kwanza. Watu wakanigeukia. Mpwa wangu, nikautazama mchoro kule kwenye kioo, nikaelewa. Na katika hali hiyo nikasikia mdomo wangu wenyewe ukisema, kwa sauti ya mtu aliyepanga: "Sawa. Sasa toboeni hapo."

Wakatoboa! Hakuna aliyebisha. Mmoja tu aliuliza kwa nini, na kabla sijafungua mdomo kukiri, mwingine akamjibu, "Sabuni inahitaji upepo, wewe huoni?" Nikasema, "Umeona!" Basi. Wakapiga makofi. Niliyasikia vizuri, enzi hizo nilikuwa na masikio.

Nilijua nitarudi kesho yake niseme. Kesho yake walikuwa wameshaajiri watu wa masinia.

Sikutaka mama yako ajue. Amenisimamisha ukutani miaka yote hii, mtu akiwa ukutani hawezi kushuka hivihivi. Nilikuwa tayari ubuni lango, ubuni mfereji, ubuni hata mashine ya viazi, mradi usifike kwenye lile zege. Nimeona aibu zaidi kwa hilo kuliko kwa mtambo. Wewe unajikaza kisabuni kule na mimi mjomba wako nakupiga chenga kwa kuku.

Fomu hii hapa, nimeijaza. Palipoandikwa "Maelezo ya tatizo" nimeandika: mtambo umefungwa kinyume. Palipoandikwa "Chanzo" nimeandika jina langu kamili. Palipoandikwa "Ulilijuaje" nimeandika: mimi ndiye niliyekosea.

Nimeambiwa jopo huruhusu mashahidi siku ya kutetea mradi. Nitakuja. Usimwambie mama yako nakuja kufanya nini, mwambie nakuja kula.

Mjomba.


Nyumbani, mezani kwa mama
20 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umeondoka juzi, na nyumba bado ina harufu ya grisi yako. Mama hajambo. Nakuandikia haraka kwa sababu moja: ulikaa mstari wa mbele saa nzima na nusu ukiitikia kwa kichwa kila kitu, na najua hukusikia hata neno moja. Ningekuandikia kwenye karatasi palepale, lakini nilikuwa ubaoni na chaki ilikatika mara mbili. Basi nikueleze yaliyosemwa.

Lile lori lililoingia uani lilikuwa la kiwanda. Walikuja thelathini na wawili. Meneja alikuja na ubao wake, kaung'oa langoni kaupakata, maana alihofia mtu asije akaugusa akiwa hayupo. Alisimama kabla yako na kusema kwamba kiwanda hakijui tatizo lolote, kwamba ni siku 4,240, na kwamba fundi aliyefunga mtambo aliona mbali. Wewe hapo uliitikia kwa kichwa. Jopo wakaandika.

Halafu Mratibu akakuita. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mzee, unathibitisha kwamba hili ni tatizo?" Ulimjibu, "Hajambo, ni goti tu." La pili, "Ulitambua lini?" Ukasema, "Asante, nanyi pia." Mjumbe mmoja wa jopo aliinama chini ya meza kana kwamba kadondosha kalamu, na hakuinuka kwa muda. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Ndipo ulipoamua kusema tu bila kuulizwa. Ulisema kwa sauti ya mtu anayeshindana na mtambo, nadhani hata bwenini walisikia. "Nilisoma mchoro kwa nyuma. Nilikosea. Sabuni haihitaji upepo." Ukakaa.

Mratibu akauliza, kwa upole safari hii: "Kwa nini hukusema miaka yote ishirini na miwili?" Wewe ukatabasamu. Akanigeukia mimi: "Basi mjibie." Mjomba, sikuwa nimejiandaa. Nilisema kwamba ulikosea mbele ya watu wanaokupenda, wakakusifu kabla hujapata nafasi ya kukiri, na kila siku iliyopita ikafanya neno hilo liwe zito zaidi kulinyanyua. Nilisema pia kwamba mtu aliyenifundisha kushika spana nikiwa na miaka saba ni wewe, na kwamba ile ndiyo mara ya kwanza kukuona umekosea, na ulipima hata hilo mara mbili.

Sasa hili ndilo nataka ulijue. Ulipogeuza kichwa ukawaona watu wa kiwandani wamesimama, ukainamisha uso. Najua ulidhani wanaondoka, au wanakuzomea. Hawakuwa wanazomea. Mama Mwavuli ndiye aliyesimama kwanza. Alisema: "Miaka kumi na minane nimeshika mwavuli juu ya sabuni nikiamini ni hekima. Leo nimejua ni makosa, na bega linaniuma vilevile. Lakini sijawahi kumwona mkubwa akija kwa nauli yake kusema nimekosea. Kwa hilo nasimama." Wengine wakasimama nyuma yake, wote. Hawakupiga makofi. Walisimama tu. Meneja alibaki amekaa, akatazama huku na huku, kisha akang'oa namba za ubao moja baada ya nyingine akazitia mfukoni, naye akasimama.

Nimefaulu. Sabini na nane. Wamenikata alama tatu kwa sababu shahidi wangu hakujibu swali hata moja. Mkanda wa kupinda utafungwa mwezi wa nane, na Mama Mwavuli ndiye atakayeuendesha. Ameshachagua upande wa kukaa.

Limebaki moja. Mama alikuwa nyuma yako kabisa. Uliposema "nilikosea", alisema, wala si kwa kunong'ona, "Nilijua." Tulipofika nyumbani nikamuuliza alijuaje. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakuinua macho. "Mwaka ule alirudi akalala siku tatu. Alipoamka akaniomba nisimtajie mtu jina la kiwanda. Aliyefanya kazi nzuri hafichi ilipo. Lakini ni kaka yangu mkubwa, ningemuuliza vipi? Nikaitundika picha, nikasema siku akitaka kusema, ataanzia hapo."

Alikwambia hivyohivyo kituoni wakati wa kuagana, Mjomba. Wewe ukamjibu, "Marahaba."

Mwandikie.

Mpwa wako.


Karakana
26 Juni

Injinia,

Leo sikuandikii "wa kesho".

Barua yako imefika saa nne asubuhi na sasa ni saa tano. Ya mama yako nimeshaiandika, imo kwenye bahasha hii, usiifungue. Ni ndefu. Haina kuku hata mmoja.

Umeuliza bila kuuliza kwa nini niliitikia kwa kichwa muda wote. Nilikuja huko nimejipangia kutukanwa. Kwa kuwa sisikii, nikaamua kila watakachosema nitakikubali, hata kiwe kizito namna gani, maana nilistahili. Kwa hiyo walipokuwa wanasimama mimi nilikuwa nakubali matusi. Nimerudi nyumbani nimelala nikiwa nimetukanwa na watu thelathini na wawili, na nililala vizuri, nikasema angalau limekwisha.

Halafu unaniandikia haya.

Nimeisoma mara tatu, sikuamini macho yangu. Nimemwita mkazamjomba nikampa ile karatasi ya pili, pale Mama Mwavuli anaposimama, nikamwomba anisomee kwa sauti. Ameketi mbele yangu kwenye kigoda, amesoma yote, polepole. Sikusikia kitu. Nilimtazama mdomo mpaka mwisho, kisha nikamwomba asome tena.

Mjomba wako.